Kasi Iliyo Ndani ya Jani la Chai

Mchumaji wa Nyansiongo akishakwanyua majani mawili na kichipukizi, hesabu ya muda imeanza. Jani lililotengwa na mti wake haliachi kupumua. Linavuta oksijeni, linaunguza sukari iliyomo ndani yake, linatoa maji, kaboni dayoksaidi na joto. Likiwa peke yake kiganjani, joto hilo hupotelea hewani bila mtu kulihisi. Likishindiliwa na wenzake katika gunia, joto linakosa pa kutokea, na hapo kazi ya kutwa nzima inaweza kuharibika kabla lori halijafika kituoni.

Ingiza mkono katikati ya gunia lililojazwa hadi pomoni tangu asubuhi, likakaa juani likingojea lori lililokwama kwenye tope. Juu majani ni mabichi na baridi. Kadiri mkono unavyozama ndivyo vuguvugu linavyozidi, na ukiyatoa majani ya katikati utayakuta yana mabaka mekundu ya kahawia, yamelegea, na ile harufu ya kijani imeyatoka. Kilichotokea ni mzunguko unaojilisha wenyewe: kupumua kunaleta joto, joto linaharakisha kupumua, na kupumua kulikoharakishwa kunaleta joto zaidi. Kwa mimenyuko mingi ya kemikali, halijoto ikipanda kwa nyuzi 10 kasi huongezeka mara mbili hivi. Gunia lililotoka nyuzi 20 likafika 40 limeuharakisha mmenyuko wake takriban mara nne.

Ndiyo maana mkulima huambiwa asishindilie, atumie mifuko ya wavu inayopitisha hewa, ayaweke majani kivulini, na lori lije mapema. Watu huyasikia hayo kama masharti ya kiwanda. Ni masharti ya kemia, na kiwanda hakiwezi kuyalegeza hata kikitaka.

Nimechagua chai kueleza kasi ya mimenyuko kwa sababu Kisii na Nyamira hazina maabara kubwa kuliko viwanda vyao vya chai. Kebirigo, Sanganyi, Gianchore, Tombe, Nyankoba na Nyansiongo upande wa Nyamira. Kiamokama, Nyamache, Ogembo, Itumbe na Eberege upande wa Kisii. Katika kila kimoja, mmenyuko mmoja unaanzishwa kwa makusudi, unaongozwa kwa dakika, kisha unakatizwa. Wanafunzi wa kidato cha nne wanasoma mada hii hii umbali mfupi kutoka kwenye mashamba hayo. Wanakariri kwamba kasi hutegemea halijoto, ukolezi, ukubwa wa chembe na kichocheo, wanaandika mtihani, na wengi wanaondoka shuleni bila kuambiwa kwamba karo yao imelipwa na mambo hayo manne. Jambo hilo linanisikitisha, na ndilo lililonifanya niiandike sura hii.

Tuanze na kile wanachofanya maabarani, kwa sababu ni kizuri. Mwanafunzi huchora alama ya X kwenye karatasi nyeupe na kuweka juu yake chupa ya kioo yenye myeyusho wa sodiamu thiosalfeti. Anamimina asidi hidrokloriki na kubonyeza saa. Vitu hivyo viwili vikikutana huzaa, pamoja na vingine, chembe ndogo za salfa zisizoyeyuka. Maji yanaingia ukungu, yanakuwa ya njano hafifu, na mwishowe X haionekani tena. Hapo saa inasimamishwa. Akirudia kwa myeyusho uliozimuliwa, X inachukua muda mrefu zaidi kupotea. Akirudia kwa myeyusho uliopashwa moto, inapotea upesi. Akigawa 1 kwa idadi ya sekunde, amepata kipimo cha kasi.

Katika jaribio hilo dogo umo msingi wote wa upimaji. Hakuna anayeiona kasi yenyewe. Tunachagua kitu kimoja kinachobadilika kadiri mmenyuko unavyoendelea, tunakifuatilia, na tunaweka saa pembeni. Kitu hicho kinaweza kuwa ukungu, rangi, ujazo wa gesi, uzito unaopungua, joto linalotoka au kiasi cha asidi kilichobaki. Ugumu uko katika kuchagua kitu ambacho kitatuambia ukweli bila sisi kuuvuruga mmenyuko wenyewe.

Mtu aliyelitatua tatizo hilo mapema alikuwa Mjerumani, Ludwig Wilhelmy. Mwaka 1850 alichunguza sukari ya kawaida inavyovunjika ndani ya maji yenye asidi na kuwa glukosi na fruktosi. Sukari ina tabia ya kuupindisha mwanga maalumu upande wa kulia, na mchanganyiko unaotokana nayo huupindisha upande wa kushoto. Wilhelmy alipitisha mwanga ndani ya kimiminika na kusoma pembe yake ikibadilika, bila kugusa tone lolote. Aligundua kwamba kasi ya wakati wowote inalingana na sukari iliyobaki wakati huo: nusu yake ikiisha, kasi nayo imepungua kwa nusu. Huo ndio ukolezi wa vitabuni. Chembe zikiwa nyingi mahali pamoja hugongana mara nyingi. Zikipungua, migongano nayo hupungua.

Sasa turudi kiwandani, kwa sababu jani la chai lina hila ambayo chupa ya maabara haina. Viini vyote vya mmenyuko wake vimo ndani yake tangu likiwa mtini, na bado halibadiliki rangi. Katika kila seli kuna mfuko wa maji uliojaa vitu vinavyoitwa katekini, ambavyo ndivyo vinavyolipa jani bichi ule ukakasi wake. Nje ya mfuko huo, katika seli ile ile, kuna kimeng'enya kiitwacho polifenoli oksidesi. Kimeng'enya kikikutana na katekini penye oksijeni, mmenyuko unaanza mara moja. Kinachovitenganisha ni utando mwembamba mno. Wakulima wanaoshika majani kwa nguvu na kuyaponda vidoleni wanaupasua utando huo shambani, na alama nyekundu inayotokea ukingoni mwa jani ni mmenyuko ulioanza pasipo ruhusa.

Kiwandani utando hupasuliwa kwa kishindo. Kwanza majani hutandazwa katika mahori marefu yanayopulizwa hewa kutoka chini, kwa saa 12 hadi 18 hivi, yapoteze sehemu ya maji na kulainika. Kisha huingizwa katika mashine ya roli zenye meno, ambazo kila jozi huzunguka kwa kasi zisizolingana, moja ikiizidi nyingine takriban mara kumi. Jani linalopita katikati linapondwa, linachanwa na kuviringishwa kwa wakati mmoja. Mashine hii ilibuniwa na William McKercher huko Assam mwaka 1930, na ndiyo iliyoipa chai ya Kenya sura yake ya punje ndogo nyeusi. Kabla yake majani yalisokotwa tu. Seli chache zilipasuka, hewa iliingia kwa shida, na mmenyuko ulijivuta kwa saa kadhaa. Roli za McKercher zimelifanya jani kuwa vipande vidogo ambavyo karibu kila seli yake imefunguka, na kila upande wa kipande unapokea hewa. Ndiyo maana chai yetu huhitaji saa moja hivi pale ambapo ile ya kusokotwa huhitaji saa kadhaa.

Kinachotoka kwenye roli ni rundo la kijani kibichi lenye harufu kali ya nyasi. Hutandazwa kwenye mkanda unaotembea polepole, hewa yenye unyevu ikipulizwa kutoka chini, na hapo rangi huanza kuhama mbele ya macho yako: kijani kinafifia, njano inaingia, kisha wekundu wa shaba mpya. Harufu nayo inahama, kutoka nyasi hadi kitu kinachokaribia tufaha na maua. Mahali hapa watu hupaita pa kuchachushia, ingawa hakuna chachu wala vijidudu vinavyohitajika. Ni oksijeni, kimeng'enya na katekini peke yake.

Hewa ile ina kazi mbili. Inaleta oksijeni, ambayo ni mmoja wa wahusika. Tabaka likiwa nene mno, majani ya katikati hukosa oksijeni na kubaki nyuma ya yale ya juu. Na inaondoa joto, kwa kuwa mmenyuko huu nao hutoa joto lake. Kipimajoto kilichochomekwa ndani ya tabaka hupanda, hufika kilele, kisha huanza kushuka. Msimamizi wa zamu anayejua kazi yake anakisoma kama mwanafunzi anavyoisoma X inayofifia: joto linalopanda ni dalili ya mmenyuko unaochapuka, na linaloshuka ni dalili kwamba wahusika wameanza kupungua.

Hapa ndipo lilipo jambo ninalotaka msomaji alishike kuliko yote. Mmenyuko wa chai hauna mwisho mmoja. Katekini zinapooksidishwa huungana mbili mbili na kuwa theaflavini, ambazo zina rangi ya dhahabu na ndizo zinazokipa kikombe mng'ao na ule ukali safi unaouamsha ulimi. Lakini theaflavini nazo hazitulii. Zikiachwa, hugeuka kuwa kundi jingine la kemikali kubwa zaidi ziitwazo thearubijini, zenye rangi nzito ya kahawia, ambazo huleta uzito wa kikombe na kuondoa mng'ao. Majina yote mawili tunayapata katika kazi ya mwanakemia Mwingereza E. A. H. Roberts ya miaka ya 1950.

Kwa hiyo theaflavini inazaliwa na inaliwa kwa wakati mmoja. Mwanzoni katekini ni tele, uzazi unazidi ulaji, na theaflavini hupanda. Baadaye katekini zimepungua, theaflavini ni nyingi, ulaji unazidi uzazi, na kiasi chake huanza kushuka. Katikati kuna kilele, ambacho mara nyingi huangukia kati ya saa moja na saa moja na nusu tangu jani lipite kwenye roli. Ukiikatiza mapema, chai ni mbichi na chungu. Ukichelewa, ni butu. Wanunuzi wanaoonja vikombe kabla ya mnada wa Mombasa hawahitaji kuambiwa dakika ngapi zilitumika. Ulimi wao unazisoma, na bei wanayotaja inarudi hadi kwa mwenye miti yake nyuma ya nyumba kule Nyamache.

Namna ya kuipima theaflavini ilinishangaza nilipoisoma mara ya kwanza. Chai hutiwa katika maji ya moto, theaflavini huvutwa kutoka kwenye maji hayo kwa kiyeyusho kisichochanganyika na maji, kisha huongezwa kemikali iitwayo Flavognost. Kemikali hiyo hushikana na theaflavini na kuzaa rangi ya kijani. Kijani hicho huwekwa katika kifaa kinachopitisha mwanga wa urefu wa wimbi la nanomita 625 na kusoma ni kiasi gani kimezuiwa. Sampuli zikichukuliwa kila baada ya dakika chache na kuzimwa papo hapo kwa joto, usomaji wake ukiunganishwa kwa mstari, kilima cha theaflavini kinajichora chenyewe kwenye karatasi. Wilhelmy angeielewa kazi hiyo mara moja.

Watafiti wa chai huko Kericho, wakiwemo Philip Okinda Owuor, ambaye baadaye alikuwa profesa wa Chuo Kikuu cha Maseno, na Martin Obanda, walitumia miaka mingi kuchora vilima kama hivyo. Walibadilisha halijoto, wakabadilisha muda, wakabadilisha aina ya miti. Jibu moja lilijirudia, na lilikuwa limeonekana pia katika utafiti wa Malawi: chai iliyochachushwa katika ubaridi hupata theaflavini nyingi kuliko iliyochachushwa katika joto. Mtu angedhani kwamba joto litaharakisha tu, kilele kile kile kije mapema. Sivyo. Joto huharakisha uzazi na ulaji, lakini haliviharakishi kwa kiwango sawa, na tena huifanya oksijeni isiyeyuke vizuri katika utomvu wa jani. Katika joto kilele huja upesi kikiwa kifupi, na hupita upesi pia. Katika ubaridi hukawia, kikiwa kirefu, na humpa msimamizi dakika za kutosha kukishika.

Kwa nini halijoto iwe na nguvu kiasi hiki? Kutoka nyuzi 20 hadi 30 si mbali. Kwa kipimo kinachoanzia sifuri halisi ya joto, ni kutoka 293 hadi 303, ongezeko linalozidi kidogo tu asilimia 3. Chembe haziwezi kugongana mara mbili zaidi kwa ongezeko hilo. Msweden Svante Arrhenius alitoa jibu mwaka 1889, akitumia mmenyuko ule ule wa sukari na asidi. Alisema si kila mgongano huzaa kitu. Chembe lazima zikutane zikiwa na nguvu ya kuvuka kizingiti fulani, na zenye nguvu hiyo ni chache sana. Joto likipanda kidogo, wastani hausogei sana, lakini idadi ya zile chache zenye nguvu kubwa huongezeka maradufu. Kimeng'enya kwa upande wake hakiongezi nguvu za chembe, kinakishusha kizingiti.

Jambo hilo liko pia katika kila jiko la milimani. Mji wa Kisii uko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na maji huchemkia huko kwenye nyuzi 94 hivi, wala si 100 kama Mombasa. Nyuzi sita zinaonekana kuwa kitu kidogo. Maharagwe hayaoni hivyo: mimenyuko inayoyalainisha inakwenda taratibu zaidi, na kuni zinazoteketea kwa sababu hiyo ni nyingi. Kuchochea moto hakusaidii, kwa kuwa maji yaliyokwisha kuchemka hayapandi joto tena, yanaisha tu. Sufuria ya presha inayabana hadi yavuke nyuzi 110, na maharagwe yanaiva kwa sehemu ndogo ya muda.

Msomaji aliye karibu na shamba anaweza kuipima kasi ya jani mwenyewe. Chukua majani machanga, yaponde kinuni kwa haraka, uyagawe katika visahani vitatu na kuyatandaza kwa wembamba ule ule, maana rundo nene huficha oksijeni. Kimoja kiweke juu ya maji baridi ya kisimani, kimoja mezani, kimoja juu ya maji ya vuguvugu. Weka karatasi nyeupe kando yao na upige picha kwa simu kila baada ya dakika 10, mahali palepale, mwanga uleule. Kabla hujaanza, amua rangi itakayokuwa alama yako, tuseme shaba iliyokolea, na uandike kila kisahani kimefika hapo baada ya dakika ngapi. Ongeza visahani viwili zaidi: cha majani yaliyofukizwa kwa mvuke dakika chache kabla ya kupondwa, na cha majani yaliyokamuliwa limau. Cha mvuke kitabaki kijani, kwa sababu kimeng'enya kimekufa. Hivyo ndivyo chai ya kijani inavyotengenezwa. Cha limau kitajikokota, kwa sababu kimeng'enya hakifanyi kazi vizuri katika uchachu mwingi.

Ukiyachuma majani ya miti tofauti utapata jambo jingine: haiendi kwa kasi moja. Watafiti huipima tofauti hiyo kwa njia rahisi sana. Majani mabichi huwekwa ndani ya chupa ya kioo yenye mvuke wa klorofomu, ambao huutoboa ule utando wa seli bila kisu wala roli, kisha rangi hufuatiliwa. Mti wenye kasi hugeuka kuwa wa shaba upesi. Mzembe hubaki na ukijani wake. TRFK 6/8, aina iliyotoka Kericho na kuenea sana kwa wakulima wadogo, inajulikana kwa kuchacha haraka na kwa kikombe chake kizuri. Shida ni kwamba lori moja la Kebirigo au Ogembo hubeba majani ya mamia ya mashamba, aina hii na ile, mengine ya miti iliyopandwa kwa mbegu ambayo haifanani hata na jirani yake. Kila aina ina kilele chake, na zote zimo kwenye mkanda mmoja. Muda anaouchagua msimamizi ni maafikiano; miti yenye kasi imeshapita kidogo, ya polepole haijafika. Shamba kubwa la aina moja halina shida hiyo. Kwa maoni yangu hili ndilo pengo la ubora linalostahili kuzungumzwa katika mikutano ya wakulima, pamoja na habari za bonasi.

Kisha huja kukatiza. Chai huingia kwenye kikaushio chenye hewa inayozidi nyuzi 100. Hapa kuna hatari isiyoonekana: kabla kimeng'enya hakijafa, joto huwa linakiharakisha. Kwa muda mfupi mmenyuko hukimbia kuliko wakati wowote kabla. Hewa ikiwa hafifu au moto wa boila ukiwa umepungua kwa sababu ya kuni mbichi, kipindi hicho hurefuka, na theaflavini iliyolindwa kwa saa nzima huliwa mlangoni mwa kikaushio. Joto linatakiwa lipande ghafla na maji yatoke upesi.

Chai inayotoka ina unyevu wa asilimia 3 hivi. Katika ukavu huo vitu vilivyomo haviwezi kusogeleana, na mimenyuko iliyobaki hutambaa kwa miezi badala ya dakika. Hutambaa, lakini haisimami. Theaflavini hupungua hata ndani ya mfuko uliofungwa, na hupungua upesi zaidi unyevu ukipanda. Mfuko unaoondoka Nyamira, mahali penye usiku wa baridi, hushushwa katika ghala la Mombasa lenye joto na hewa ya bahari, ukakaa huko ukingoja mnada na meli ya kwenda Pakistan au Misri. Kinachoilinda chai siku hizo zote ni utando mwembamba wa ndani ya mfuko unaozuia unyevu. Ukitoboka, saa inaanza tena kwenda mbio.